Filta Iliyokula Mafuta ya Mtoto Wangu

Kyuso, saa nane mchana

Uvumilivu wangu uliisha Kyuso, saa nane mchana, pale fundi nisiyemjua alipoichomoa filta ya hewa kwenye gari letu, akaigeuza mara mbili, akaisogeza puani na kusema, "Bosi, mbona hii kitu inanukia mtoto mchanga?"

Mume wangu Mutua akaangalia chini. Mimi nilikuwa nimembeba Mumbe, binti yetu wa mwaka mmoja na nusu. Nikainamisha pua kwenye kichwa chake, kisha kwenye ile filta. Harufu ilikuwa moja. Nazi. Yale mafuta safi ya nazi niliyotumiwa kutoka Mombasa nimpake mtoto, ambayo yalipotea nyumbani wiki mbili kabla ya safari. Wiki mbili nzima nililala nikijua yako kwenye ngozi ya mwanamke mwingine.

Nilimpokonya fundi ile filta. Maneno niliyosema siyaandiki hapa kwa sababu baadhi yenu tunaimba pamoja kanisani. Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza kila Jumapili, "Kwani kulitokea nini njiani?" na kila mtu amepewa kipande chake. Sasa someni yote kuanzia mwanzo, halafu mniache nipumzike.

Kikima hadi mtoni

Mnajua nimekaa na Mutua miaka mitatu bila ntheo. Wale mlioolewa hapa kutoka kwingine niwaeleze: ntheo ni mbuzi watatu ambao mwanamume hupeleka nyumbani kwa kina msichana. Mpaka mbuzi hao wapokelewe na wazee, hata uwe na mtoto, sufuria na shamba la ndengu, wewe kwake ni mgeni tu. Ukifa leo, unarudishwa ukazikwe kwa baba yako.

Mutua alikuwa ameahirisha mara mbili. Mara ya tatu baba yangu alinipigia simu kutoka Tseikuru, na baba yangu hapendi simu. "Jumamosi," akasema. "Jua likitua bila mbuzi, wewe na mtoto mtabaki hapa. Nimechoka kuulizwa." Akakata.

Sasa ongezeni hili. Mdogo wangu Kasyoka alifanyiwa ntheo yake Desemba iliyopita. Mdogo wangu! Nilimfundisha kufunga lesso. Mume wake alifika saa nne asubuhi, shati limepigwa pasi, mbuzi wamefungwa utepe shingoni. Gari lake ni la aina ile ile ya letu, na yule mwanamume hajui hata filta inakaa wapi. Analipeleka kwa fundi, fundi anatupa ya karatasi kuukuu anaweka mpya, yeye anarudi nyumbani kuongea na mke wake. Nikikumbuka hilo neno, kuongea, nasikia moto kifuani.

Kwa sababu mume wangu kila Jumamosi alikuwa akiongea na filta. Aliinunua Kitui, duka la spea la mwanamke mmoja anaitwa Syombua. Ni nyekundu, ya kitambaa cha pamba kilichobanwa katikati ya wavu wa waya, na alirudi nayo akaiweka mezani kama mgeni. "Hii hutupi," akanieleza. "Unaosha, unakausha, unapaka mafuta, unarudisha. Itatuzika sisi wote." Basi kila Jumamosi asubuhi anachukua beseni la bluu la Mumbe, anatia maji ya vuguvugu, anaiosha polepole akitoka upande wa ndani kwenda nje ili asisukume uchafu ndani zaidi. Hasugui. Anaianika kivulini isichomwe na jua. Anaketi kando yake na chai yake. Mimi nilikuwa napita na ndoo kichwani na mtoto mgongoni, na hajawahi kuniambia nikae kivulini.

Tuliondoka Kikima saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado uko kwenye milima. Viti vya nyuma tulikuwa tumevilaza kwa ajili ya mbuzi. Mutua alikuwa ameiosha filta jana yake na kuipaka mafuta upya, kwa heshima ya safari. Niliona inang'aa kama kitumbua. Sikuuliza ni mafuta gani. Nilikuwa nimenyamaza kwa sababu ya chupa yangu, nikingoja siku ya kuisema.

Mteremkoni gari lilienda vizuri, kwani mteremkoni hata jiwe linaenda vizuri. Tulipovuka mto Athi na kuanza kupanda, likakohoa.

"Ni baridi," akasema Mutua.

"Baridi gani? Tumetoka mlimani tumeshuka kwa joto."

"Mama Mumbe, wewe ni fundi?"

Nikageukia dirishani.

Kanyangi, kwa shangazi yake

Mbuzi walikuwa kwa shangazi yake Kanyangi, na tulipaswa kuwachukua tu na kuondoka. Lakini nani amewahi kuondoka kwa shangazi bila kula? Muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa ulikuwa jikoni tangu jana, na maharagwe na mboga ya kunde. Nilikula sahani mbili kwa hasira. Shangazi akaniangalia akasema, "Huyu anakula kama mtu anayeenda kupigana."

"Ninaenda kuolewa, shangazi."

"Ni kitu kimoja."

Kisha beberu akakataa kuingia garini. Alivutwa, akasukumwa, akaombewa. Shangazi alisema anaogopa harufu. Sisi wote tulidhani ni harufu ya petroli. Saa nzima ilipotelea hapo, na kila dakika nilikuwa nikiliona jua la baba yangu linapanda.

Tulipotoka Kanyangi gari lilikuwa linavuta kama mzee mwenye pumu. Mutua akikanyaga mafuta, linafikiria kwanza, halafu linakubali shingo upande. Taa ya injini ikawaka. Akaifunika na kile kikaratasi cha kanisa kinachoning'inia kwenye kioo.

"Tutapitia kwa Syombua, Kitui," akasema. "Yeye anajua hii gari."

Nilijua atasema hivyo.

Kitui mjini

Niseme ukweli: nilikuwa nimejiandaa kukutana na mwanamke wa kucha ndefu. Syombua ana kucha fupi kuliko zangu, ovaroli, na mkono mzima una grisi mpaka kiwikoni. Hilo liliniumiza zaidi. Kucha ningezidharau. Lakini huyu alikuwa anajua kitu ambacho mume wangu anakipenda, na mimi sikukijua.

"Mteja wangu!" akasema. "Filta inaendeleaje?"

"Vizuri kabisa, injinia."

Injinia! Mimi naitwa Mama Mumbe, na siku mbaya naitwa wewe.

"Unaingoja ikauke yenyewe? Hupulizi na upepo wa kompresa?"

"Siwezi."

"Na mafuta? Ulikataa chupa yangu ya mafuta yake, ukasema uko nayo nyumbani."

"Niko nayo," akasema Mutua haraka, akageuka kuangalia tairi ambalo halikuwa na shida.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeshtuka. Lakini wivu unaziba masikio. Mimi nilichosikia ni "mteja wangu" tu, kikijirudia kichwani. Nikamwuliza Syombua, mbele ya wateja watatu, "Na wewe dada unapaka mafuta gani? Naona unang'aa."

Akajiangalia mkono, akacheka sana. "Hii? Hii ni grisi, Mama Mumbe. Unataka?"

Nilimsogelea nikamnusa. Kweli nilifanya hivyo, wala sioni haya kuwaambia. Alinukia petroli na sabuni ya kipande. Nikajiambia ameoga akaitoa ile harufu ya nazi.

Alifungua boneti, akasikiliza injini, akatikisa kichwa. "Ningekuwa na nafasi ningeifungua sasa, lakini ona foleni. Nisikilizeni. Hii filta ya kuosha si mbaya. Mtu wa lami, mtu ana subira, anatumia mafuta yake yenyewe na anapaka kidogo, inamkalia miaka. Lakini nyinyi mnaenda Tseikuru. Vumbi la huko ni kama unga wa kusaga, na lile laini kabisa linapita kwenye pamba. Wekeni hii ya karatasi mkitoka Mwingi." Akamkabidhi Mutua boksi jipya. "Sitaki kitu. Ni zawadi ya ntheo."

Zawadi ya ntheo. Ntheo ni yangu. Zawadi anapewa mume wangu, mkononi, huku anacheka na meno yote.

Mutua alipoenda kununua maji, nililitoa lile boksi chini ya kiti nikaliacha kwenye benchi ya wateja wa Syombua. Nililiweka vizuri, limesimama, ili alione na aelewe. Nikarudi garini nikamnyonyesha mtoto na roho yangu ikatulia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mwingi kwenda juu

Mwingi tulikula chapati na ndengu tukiwa tumesimama. Mutua hakuibadilisha filta, kwa sababu ile nyekundu alikuwa bado anaipenda. "Imetufikisha hapa," akasema, "siwezi kuitoa kabla hatujafika." Sikubishana. Mnajua kwa nini.

Baada ya hapo vumbi likaanza. Lori likipita, dunia inapotea kwa muda, unabaki wewe na kikohozi cha mtoto. Gari likawa linaenda mwendo wa mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Mwendesha baiskeli mwenye jerikeni mbili alitupita akatupungia mkono. Mbuzi mmoja alilia kwa njia ambayo nilielewa kabisa. Tuliingia Kyuso gari likizimika kila baada ya nyumba tatu.

Kyuso, tena

Haya, sasa mmefika pale nilipoanzia. Nimeishika filta, fundi ananiangalia, Mutua anaangalia chini.

"Uliipaka mafuta ya Mumbe?"

"Yalikuwa yanafanana," akasema. "Ni mafuta. Na ni safi. Nilidhani kama yanafaa ngozi ya mtoto..."

"Chupa nzima?"

"Niliogopa kupaka kidogo vumbi lipite."

Fundi aliingilia kati, nadhani ili asimwone mtu akifa kwenye karakana yake. Alitoa kidubwasha kidogo kwenye bomba la hewa, akatuonyesha. "Hii ni sensa. Inahesabu hewa inayoingia ili injini ijue itie petroli kiasi gani. Ona uzi wake. Umepakwa mafuta, halafu vumbi likashika juu. Injini imekuwa kipofu. Nitaisafisha na dawa yake, ikauke. Lakini hii nyekundu sirudishi. Mko na ya karatasi?"

Uso wa Mutua ukachangamka. "Tuko nayo! Mama Mumbe, lile boksi la Syombua uliliweka wapi?"

Nikamhamishia Mumbe bega la pili.

"Liko Kitui," nikasema.

"Kitui wapi?"

"Kwa benchi yake."

Fundi akatuangalia, mmoja kisha mwingine. "Nyinyi wawili," akasema, "ni kama mlipangana."

Ingebidi mtu wa pikipiki aende Mwingi kuchukua filta na kurudi. Fundi alipiga hesabu ya saa kwa vidole, na kila kidole alichokunja niliona baba yangu akiinuka kwenye kiti chake.

Pikapu ya Abdi

Mfanyabiashara wa mifugo anaitwa Abdi alikuwa pale anajaza upepo, anaelekea Tseikuru, pikapu yake tupu nyuma. Aliwaona mbuzi wangu akawakagua meno.

"Dada, hawa watatu unaniuzia?"

"Hawauzwi. Ni wa kuolewa."

"Nani anaolewa?"

"Mimi."

Akamtazama Mumbe mgongoni kwangu, kwa muda. "Hongera," akasema. "Umechelewa kidogo tu."

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka. Nikamwambia Mutua, "Mimi natangulia na mbuzi. Jua halikungoji." Yeye akasema sawa, haraka mno, kama mtu anayefurahi hasira inaenda na gari lingine. Na hilo ndilo kosa letu la pili, la wote wawili. Hakuna hata mmoja aliyesimama kufikiria mbuzi wa ntheo wanaletwa na nani.

Filta niliichukua, nikaifunga kwenye lesso. Ushahidi hauachwi.

Abdi alinimiminia chai ya maziwa ya ngamia kutoka kwenye chupa yake, nzito, ina chumvi kidogo kwa mbali, na nikamweleza yote. Akasikiliza bila kucheka, isipokuwa pale kwa nazi. "Mimi vumbi hili nalila kila siku," akasema. "Naweka karatasi. Ikijaa naikung'uta, ikichoka naitupa, naweka nyingine. Ile ya kuosha ni nzuri kwa mtu ambaye gari ndilo kazi yake ya kupenda. Mimi gari ni la kubeba mbuzi."

"Na mke wako unamwosha?" nikamwuliza. Sijui ilitoka wapi.

Alifikiria. "Hapana," akasema. "Lakini nampigia simu nikifika." Na kweli tulipofika Tseikuru, kabla hajafungua hata mlango, alipiga. Nilimwonea wivu yule mwanamke, sijawahi kumwona.

Getini

Niliingia uwanjani kwa baba yangu saa kumi, nimeshika kamba tatu. Wazee wa kwetu walikuwa upande mmoja. Upande mwingine wazee wa ukoo wa Mutua, waliotangulia siku moja kabla, wamekaa mikono mapajani kama watu walioalikwa kimakosa. Mkubwa wao ni Mzee Kilonzo, ami yake Mutua, karani wa ukoo. Ana kitabu cheusi ambacho hakiachi hata akienda msalani.

Hakuna aliyesimama.

"Mwenye mbuzi yuko wapi?" baba akauliza.

"Yuko Kyuso. Gari limeharibika. Nimewaleta mimi."

Kasyoka alikuwa mlangoni jikoni na mwiko mkononi. "Aiya, dada," akasema kwa sauti ya kusikika na majirani. "Kwani umejioa?"

Wanawake wakapiga vigelegele vya kunicheka. Baba hakucheka. "Msichana haleti mbuzi wake mwenyewe," akasema. "Warudishe nje ya geti. Waingie na mwanamume, au wasiingie."

Mzee Kilonzo akasimama, akajaribu. "Mzee mwenzangu, mimi ni ami yake, naweza kuwaingiza."

"Wewe ndiye unayemwoa?"

Mzee Kilonzo akakaa.

Basi nilisimama nje ya geti la nyumbani kwetu, nilikozaliwa, na mbuzi watatu na mtoto aliyelowa. Kasyoka alinitolea kikombe cha uji, nikasema sitaki, nikakinywa. Nilimwangalia akirudi ndani, mke kamili, anaingia na kutoka geti lolote apendalo. Jua lilikuwa linashuka. Beberu akanusa lesso yangu, akatoa ulimi, akaanza kuilamba ile filta kupitia kitambaani. Nikamwacha. Angalau mmoja wetu alikuwa anafaidi yale mafuta.

Jua lilibaki kidole kimoja juu ya kilima niliposikia gari. Nililijua kabla ya kuliona, maana lilikuwa linapumua tena, laini, bila kikohozi. Mutua alishuka mwekundu wa vumbi mpaka kope. Kila mara akizima gari huwa anagusa boneti. Siku hiyo hakuligusa. Alikuja moja kwa moja, akamchukua Mumbe kwanza, akamweka begani na ule ulowevu wake wote, kisha akachukua kamba. Hakusema nisamehe. Alisema, "Umesimama hapa tangu saa ngapi?" Na hilo nililikubali kuliko nisamehe.

Mbuzi waliingia. Baba akawahesabu kana kwamba wangeweza kuwa wanne, akatikisa kichwa, ndiyo. Mbuzi mmoja akachinjwa hapo hapo. Nilikula nyama yangu nikiwa nimekaa upande wa wazee wa Mutua, na Kasyoka ndiye aliyenimiminia maji ya kunawa.

Malalamiko

Wakati taa zinaanza kuwashwa, Mzee Kilonzo aliuliza kama ilivyo desturi, "Kuna mwenye neno kabla hatujafunga?" Huwa hakuna. Nikasimama.

Mutua akasema kwa sauti ndogo, "Mama Mumbe, si hapa."

"Ni hapa," Mzee Kilonzo akasema, akifungua kitabu cheusi. "Jana ningemwambia akae. Leo ni mke wetu, ana haki. Sema polepole, niandike."

Nilifungua lesso nikaiweka filta mezani, na alama za ulimi wa mbuzi. Nilisema, akaandika, akanisomea, nikaweka sahihi. Nakala ninayo nyumbani, na hii hapa kama ilivyo:

"Mimi Mwikali nalalamika mbele ya wazee wa ukoo wa mume wangu. Kwamba mume wangu alichukua mafuta ya mtoto bila kuuliza, akayapaka kwenye filta ya gari, chupa nzima, yakaharibu sensa, na nusura mimi na mtoto tubaki kwa baba yangu. Kwamba aliyemuuzia filta hana kosa, alimweleza yote vizuri. Kosa la kuacha filta ya karatasi kwenye benchi ni langu, na nitakwenda Kitui kumwomba radhi mwenyewe. Mume wangu asinisindikize.

Kwamba filta ya kuosha si ya mtu wa barabara zetu asiyenunua mafuta yake. Naomba hii ibaki kwa wazee na isirudi nyumbani kwangu.

Naomba beseni la bluu lirudi kwa mwenyewe. Na kila Jumamosi asubuhi, saa zile zile za filta, mume wangu amwoshe Mumbe kwa maji ya vuguvugu, polepole, bila kusugua, amkaushe kivulini, ampake mafuta kidogo kidogo mwili mzima, mimi nikiwa nimekaa kando na chai yangu. Akimaliza, na kama muda umebaki, aniulize na mimi nimeamkaje, angoje jibu.

Mlalamikaji: Mwikali, mke wa Mutua."